Nilimtoa jirani kundini usiku, nikajuta

Wahenga walisema hasira hasara. Mimi nilikuwa nikiuchukua msemo huo kama abiria asomavyo maandishi ya matatu: macho yanapita, moyoni hakubaki kitu. Mpaka yaliponifika.

Katika mtaa ninakoishi, upande wa Eastlands jijini Nairobi, tuna chama chetu cha kufaana. Si chama kikubwa. Tuko watu themanini hivi, wapangaji na wenye nyumba, na kazi yetu ni moja tu: mwenzetu akifikwa na msiba au akilazwa hospitalini, kila mmoja hutoa shilingi 500. Hakuna anayelipwa mshahara. Zamani mchango ulikusanywa nyumba kwa nyumba, daftari mkononi. Siku hizi mambo yote hufanyika katika kundi la WhatsApp, na kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kundi hilo. Pesa zilitumwa kwa simu yangu, nami nikiandika majina.

Mwaka jana mzee mmoja wa mtaani alifariki. Nikakusanya, nikaweka orodha kundini: watu 63, jumla shilingi 31,500. Jirani yangu mmoja, mama ambaye mlango wake unatazamana na wangu na ambaye alinipikia uji wiki nzima nilipojifungua kitindamimba wangu, akauliza: "Mbona mimi nahesabu 34,000? Kuna watu watano waliotuma na siwaoni hapa."

Lilikuwa swali la hesabu. Mimi nikalisikia kama tuhuma ya wizi. Nikamjibu kwa ukali, naye akanijibu kwa ukali zaidi, akaandika kwamba yaonekana pesa za marehemu zina utamu wake. Watu wakawa wanasoma kimya kimya. Ilipotimu saa tano na nusu usiku, nikabonyeza jina lake nikamtoa kundini. Nikalala nikijiona shujaa.

Asubuhi hapana aliyeuliza. Nilidhani kimya kile ni kibali. Sasa najua kilikuwa kimya cha watu wanaojiuliza nani atafuata.

Miezi minne ikapita. Siku moja nilipokuwa nikinunua sukuma wiki, mama mboga akaniambia, "Pole kwa msiba wa jirani yako." Msiba gani? Kumbe mama mzazi wa yule jirani alikuwa ameaga dunia na kuzikwa kijijini kwao wiki mbili zilizotangulia. Tangazo halikuwekwa kundini maana mwenyewe hakuwemo. Hakuna aliyechanga, hakuna aliyekwenda kumpa pole. Mtu aliyezika wazee wa watu kwa shilingi zake 500, mwaka nenda mwaka rudi, alimzika mamake bila hata senti moja ya chama. Na mkono uliomfungia mlango ulikuwa huu wangu.

Nilirudi nyumbani na ile mboga nikakaa nayo kwenye kiti, sijui niipike au niitupe.

MGENI WA LIKIZO

Mwezi wa Agosti binti ya kaka yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja kukaa nasi likizoni. Kila jioni baada ya kuosha vyombo alikuwa akifungua kompyuta yake na kuandika kwa saa nzima. Nikadhani ni kazi ya chuo. La, alikuwa akiandika Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo wanafunzi huikimbilia walimu wakitoa kazi ya nyumbani.

"Wanakulipa?" nikamuuliza.

"Hapana, Shangazi. Ni kujitolea tu."

Basi ndivyo ilivyo. Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger kule Marekani. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Ile ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni sita, na nyingi zaidi zimeandikwa na watu wasiolipwa, aghalabu wasiojuana hata kwa sura, wengi wakitumia majina ya kubuni. Mtu yeyote anaweza kubonyeza neno "hariri" na kubadilisha alichokiandika mwenzake.

Msomaji, hebu fikiria hayo kwa makini. Sisi tulio watu themanini, tunaoazimana chumvi na viberiti, tulikosana kwa shilingi 2,500. Sasa mamia ya maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali wanaandika pamoja juu ya dini, siasa, vita na mipaka ya nchi. Watakosaje kutoana macho?

Na hakika wanagombana. Jioni moja nilimwona binti yetu amekunja uso. Kulikuwa na mtu aliyefuta aya yake kuhusu samaki wa Ziwa Viktoria. Alikuwa ameirudisha mara moja, mtu yule akaifuta tena.

"Kwa nini usimtoe?" nikamuuliza. Nilisema hivyo pasipo kufikiri, kama mtu aliyezoea.

Akanitazama. "Kwanza sina uwezo huo, ni wa wasimamizi, tunaowaita wakabidhi. Na hata ningekuwa nao, Shangazi, nisingeutumia. Mimi ndiye ninayegombana naye."

Nilinyamaza. Maneno yale machache yalinipata mahali ambapo mahubiri mengi hayakuwahi kufika.

NGAZI ZA KUPANDA

Nikamwomba anieleze jinsi wanavyofanya, naye akanieleza, na baadaye nikakaa nikasoma mwenyewe. Nayaweka hapa kwa sababu naamini yanaweza kuwafaa wengi wenye makundi ya aina yetu.

Kila makala ina ukurasa wa pili nyuma yake, ukurasa wa majadiliano. Anayekosana na mwenzake hutakiwa aende huko kwanza, aeleze kwa nini anasema hivi na chanzo chake ni kipi. Isitoshe, kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, kwa tarehe, saa na jina la aliyelifanya. Huwezi kusema "sikusema hivyo" ilhali ulisema. Na kuna kanuni ya mara tatu: katika Wikipedia ya Kiingereza, mtu akitengua kazi ya wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, anaweza kufungiwa kwa muda hata kama jambo analolitetea ni la kweli.

Wakishindwana wawili, humwita mtu wa tatu asiyehusika atoe maoni yake. Hilo nalo likishindikana, hoja hutangazwa kwa wanachama wote na kuachwa wazi, kwa kawaida siku 30, kila mtu aseme lake. Hawahesabu tu mikono iliyoinuliwa, bali hupima uzito wa hoja. Ni mwendo wa kobe. Kwa takriban miaka minane wahariri wa Kiingereza walibishana kama makala ya yogati iitwe "Yogurt" au "Yoghurt", yenye herufi ya h au isiyo nayo. Walimaliza mwaka 2011, h ikaondoka. Nilicheka sana niliposoma, kisha nikakumbuka kwamba mimi sikumpa jirani yangu hata usiku mmoja.

Kuna migogoro isiyokwisha kwa njia hizo: mtu anayewatukana wenzake kila mara, msimamizi anayetumia vibaya uwezo wake, makundi mawili yanayowindana. Kwa kesi hizo, mwishoni mwa mwaka 2003 Wales alitangaza kuundwa kwa baraza la waamuzi la Wikipedia ya Kiingereza, nalo likaanza kazi mapema mwaka 2004. Siku hizi waamuzi wake, ambao idadi yao inaweza kufika 15, huchaguliwa na wahariri wenyewe kwa kura ya siri. Nao pia hawalipwi.

Kesi ikikubaliwa, kila upande huleta ushahidi wake katika ukurasa ulio wazi, ukionyesha katika historia ni wapi hasa mwenzake alikosea. Mwamuzi mwenye uhusiano na kesi hujitoa. Kisha waamuzi huandika mambo matatu kwa utaratibu: kanuni zinazohusika, yale yaliyothibitika kutendeka, na hatua za kuchukua. Kila kipengele hupigiwa kura.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni hili: baraza haliamui nani ana ukweli kuhusu jambo linaloandikwa. Halitakuambia mpaka upite wapi wala yogati iandikweje. Hayo wameachiwa wahariri wajadiliane. Baraza huangalia mwenendo tu. Umewatendeaje wenzako mlipokuwa mkitafuta ukweli huo?

Mathalani, mwezi wa Mei 2009 baraza liliamua kesi iliyohusu makala za dini ya Scientology. Liliamuru kompyuta za kanisa hilo na washirika wake zizuiwe kuhariri Wikipedia. Ungedhani basi wapinzani wa kanisa walishangilia. Wapi! Baadhi ya wapinzani hao nao walikatazwa kugusa makala za mada hiyo, kwa kuwa waligeuza makala kuwa uwanja wa vita vyao.

Adhabu pia zina vipimo. Mtu huweza kuonywa tu. Huweza kukatazwa mada moja, aendelee na nyingine zote. Watu wawili huweza kukatazwa kuzungumziana. Msimamizi huweza kunyang'anywa uwezo wake na kubaki mhariri wa kawaida. Kufukuzwa kabisa ni hatua ya mwisho, na hata aliyefukuzwa huweza kukata rufaa baadaye. Nia yao si kumkomoa mtu, ni kuilinda kazi.

Mimi nilikuwa na adhabu moja tu, na niliitoa kwa kidole gumba.

HAKIMU NA MSHTAKI NI MMOJA

Kanuni ile aliyonitajia binti yetu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Msimamizi aliyehusika katika ugomvi haruhusiwi kutumia uwezo wake wa usimamizi katika ugomvi huo. Anatakiwa amwite mwingine. Si kwamba msimamizi huyo ni mtu mbaya. Ni kwamba mtu aliyekasirika hawezi kujipima.

Yanayotokea kanuni hiyo isipofuatwa tumeyaona huko Ulaya. Katika Wikipedia ya lugha ya Kikroeshia, kikundi kidogo cha wasimamizi wenye siasa kali za kizalendo kilishika hatamu kwa takriban mwongo mzima, tangu mwaka 2011 hadi 2020. Waliipamba historia ya utawala wa Ustasha, ulioua watu wengi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Aliyepinga walimfungia. Wao ndio waliokuwa washtaki, mashahidi, mahakimu na askari jela. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwashauri wanafunzi wasiitegemee. Wakfu wa Wikimedia, unaomiliki mitambo ya Wikipedia, ulitoa ripoti ya mambo hayo mwaka 2021.

Niliposoma habari hizo niliona aibu. Sikupotosha historia ya nchi yoyote. Lakini usiku ule, saa tano na nusu, mimi nami nilikuwa mshtaki, shahidi, hakimu na askari.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba watu hao wa Wikipedia wamefika peponi. Kesi zao huchukua wiki nyingi na wengi hutoka wamechoka. Uwazi nao una machungu yake, maana mtu aliyenyanyaswa hapendi kuanika maumivu yake mbele ya ulimwengu, na kwa sababu hiyo baraza hupokea ushahidi mwingine faraghani. Mwezi wa Juni 2019 Wakfu huo wenyewe ulimfungia mwaka mmoja msimamizi mmoja wa siku nyingi wa Wikipedia ya Kiingereza, bila kueleza hadharani kosa lake na bila kumpa nafasi ya rufaa. Wahariri walikuja juu, na wasimamizi zaidi ya 20 wakaacha nyadhifa zao. Hatimaye kesi ikakabidhiwa baraza. Mwezi wa Septemba baraza likaondoa kifungo kile, ila likakataa kumrudishia usimamizi, kwa vile mwenendo wake haukufaa.

Nilirudia kusoma uamuzi huo mara mbili. Walioadhibu walikosea njia, na aliyeadhibiwa naye hakuwa malaika. Mambo hayo mawili yaliandikwa pamoja, wala moja halikulifuta la pili.

TULIVYOFANYA SISI

Wikipedia ya Kiswahili haina baraza kama lile. Jumuiya yake ni ndogo, watu humalizana kwa kuzungumza. Sisi nasi tu wachache zaidi. Lakini nilijua tunaweza kuazima jambo moja au mawili.

Jumapili moja niliandika kundini kwamba nilimtoa mwenzetu kwa hasira, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikigombana naye na hivyo sikustahili kuamua, na kwamba naomba watu watatu wasiohusika waangalie hesabu na maneno yetu yote. Kwa muda wa nusu saa hapakuwa na jibu. Kisha majibu yakaja kwa wingi ambao sikuwahi kuuona. Wakachaguliwa mwalimu mmoja mstaafu, dereva wa matatu, na muuguzi kijana anayekaa ploti ya nyuma.

Niliwapa simu yangu. Walikaa nayo jioni mbili wakipitia ujumbe mmoja mmoja. Wakaleta majibu kwa maandishi, nusu ukurasa tu.

Pesa zilikuwa 34,000, kama alivyosema jirani. Watu watano walikuwa wametuma usiku sana, nami nikawaandika katika orodha ya mgonjwa tuliyekuwa tukimchangia wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyeiba. Msimamizi alikosea hesabu, akakataa kuulizwa, akatumia uwezo wake katika ugomvi wake mwenyewe. Jirani aliuliza swali la haki, lakini neno lake kuhusu utamu wa pesa za marehemu halikuwa la kiungwana.

Kisha hatua. Jirani arudishwe. Chama kimpelekee rambirambi yake ingawa imechelewa. Mimi niache usimamizi kwa miezi sita, na pesa zipokewe na mtu mwingine tofauti na anayeandika orodha. Kuanzia sasa mtu asitolewe kundini isipokuwa watatu wamekubaliana, na anayegombana naye asiwe miongoni mwao.

Niliposoma "msimamizi alikosea" moyo uliruka. Lakini sikuweza kupinga, maana kila neno lilikuwa na ujumbe wa simu uliolithibitisha. Nimegundua ni rahisi zaidi kumeza kosa lililoandikwa na watu watatu watulivu kuliko kosa hilo hilo likirushwa na mtu mmoja saa tano usiku.

Bahasha ya rambirambi niliomba niipeleke mimi mwenyewe. Ni hatua sita kutoka mlango wangu hadi wake, na nilizihesabu zote. Alinifungulia. Hakuniambia nikae, nami sikuthubutu.

"Pole, mama," nikasema. "Pole kwa mama, na pole kwa nililokufanyia. Ulihesabu sawa."

Alikaa kimya kwa muda. "Mimi pia nilisema vibaya," akasema. "Lakini siku ya mazishi nilikuwa nikiitazama simu. Nilijua siko kundini, na bado nilikuwa nikiitazama."

Hilo sikuwa na jibu lake. Hakuna baraza la mtandaoni wala la mtaani linaloweza kuirudisha siku ile. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizi amerudi kundini. Hatujawa kama zamani, ingawa juzi alinitumia mtoto wake kuazima sufuria. Mwalimu ndiye anayeandika orodha, na kila ikitoka, jirani yangu ndiye wa kwanza kuuliza swali. Mara nyingine swali lenyewe halina msingi, na mwalimu humjibu kwa hesabu, mstari kwa mstari, bila kuinua sauti.

Miezi yangu sita imekwisha mwezi uliopita. Waliniuliza kama nataka kurudia usimamizi. Nikawaambia wamwache mwalimu aendelee.

Nawe msomaji, huenda uko katika kundi la wazazi wa shule, la kanisa, la ukoo au la mliosoma pamoja, na huenda uwezo wa kutoa watu umo katika simu yako. Siku utakapochokozwa, na utachokozwa, maana vikombe vilivyo pamoja havikosi kugongana, jiulize swali moja kabla kidole hakijashuka: ni mimi ninayegombana naye? Ikiwa ni wewe, weka simu chini, ukamwite mwingine.